Kurudia LSAT: Kupanga Masomo ya Mara ya Pili kwa Makosa ya Mara ya Kwanza

Wazazi wetu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Tumeombwa tuzungumze na wale waliokwisha kufanya LSAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya sheria vya Marekani na vingi vya Kanada, wakapata alama ambazo hazikuwaridhisha. Wengi wenu mnafanya kazi za zamu, kwenye maghala na nyumba za kutunzia wazee, na vitabu mnavifungua watoto wakishalala. Hatukuja kuwahimiza mwongeze bidii. Bidii mnayo tele. Kinachowaangusha wanaorudia mtihani huu ni kwamba wanarudia na usomaji uleule: kitabu kilekile tangu ukurasa wa kwanza, jaribio zima kila Jumamosi, kuangalia alama, kusikitika, na Jumamosi ijayo tena. Ni sawa na kufunua sufuria ya maharage kila dakika tano ukidhani ndiyo yataiva upesi. Jaribio linakuonyesha ulipo, basi. Kinachokupandisha ni yale unayoyafanya na makosa yako kati ya jaribio moja na jingine.

Kabla hatujaenda mbali, wapo hapa wenye shahada ya sheria ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Kule mtu anatoka sekondari anaingia kusoma sheria moja kwa moja. Hapa Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na ndiyo maana kuna mtihani huu mlangoni. Lakini mwenye LLB ya nyumbani, yaani hiyo shahada ya kwanza ya sheria, anayetaka kusoma LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, kwa kawaida haombwi LSAT. Kama ni wewe, chunguza masharti ya chuo chako kwanza, usije ukateseka kwa mtihani usiokuhusu.

Sasa, je, urudie? Alama za LSAT huanzia 120 na kuishia 180, na nusu ya watahiniwa huwa juu ya 152 au 153 hivi. LSAC, taasisi inayousimamia mtihani, yenyewe hutoa alama pamoja na mpaka wa kama pointi tatu juu na tatu chini, maana kipimo chochote kina kutikisika kwake. Kwa hiyo aliyepata 156 akarudia bila kubadilisha chochote anaweza kupata 158 na akajiona amepanda, au akapata 154 na akajiona ameshuka, kumbe yuko palepale. Chukua majaribio yako matano ya mwisho uliyoyafanya kwa saa, yaani ukijipimia muda, kabla ya siku ya mtihani, tafuta wastani. Kama wastani ulizidi alama ya mtihani halisi kwa pointi tatu au zaidi, siku ile kuna kitu kilikuharibikia, na kurudia kuna maana hata baada ya wiki sita tu. Kama wastani na alama vinalingana, alama yako ndiyo hiyo uliyostahili kwa wakati ule. Hapo wiki sita hazitoshi. Fikiria miezi mitatu, na kwa anayefanya kazi kutwa, minne.

Vyuo vitaziona alama zako zote, tusidanganyane. Lakini tangu 2006 chama cha mawakili cha Marekani, ABA, kinavitaka vyuo viripoti alama ya juu kabisa ya kila mwanafunzi aliyejiunga, ndiyo maana vyuo vingi hutazama zaidi ile ya juu. Kurudia mara moja au mbili hakumwaibishi mtu. Mipaka ipo: mara tano ndani ya kipindi ambacho alama bado zinaripotiwa, na mara saba kwa maisha yako yote. Na alama uliyoifuta inahesabiwa humo. Kuna watu hufuta alama kwa hasira usiku wa matokeo wakidhani wamefuta na jaribio lenyewe. Hawajalifuta.

Aliyefanya mtihani kabla ya Agosti 2024 asikilize hapa. Ile michezo ya mantiki, ya kupanga watu kwenye viti na siku za wiki, imeondolewa. Sasa kuna sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za mantiki, yaani za maswali ya hoja, zinazohesabiwa, moja ya ufahamu inayohesabiwa, na ya nne ya majaribio isiyohesabiwa, ambayo hutajua ni ipi. Mapumziko ni dakika kumi baada ya sehemu ya pili. Maana yake, theluthi mbili ya alama yako inatoka kwenye maswali ya hoja. Vitabu vya zamani mnavyoazimana vina sura nzima za michezo, zirukeni. Zile sura za hoja na ufahamu bado ni nzuri kabisa, msitupe kitabu. Insha ya hoja huandikwa siku nyingine na haina alama. Aliye na insha kwenye faili lake halazimiki kuirudia.

Tuje kwenye uchunguzi, maana hapa ndipo tungependa tukae muda. Mitihani mingi ya siku hizi hairudishwi kwa mtahiniwa. Unapewa namba, huonyeshwi ulikosa wapi. Ushahidi lazima uutengeneze mwenyewe. Ingia LawHub, tovuti ya LSAC yenyewe, ambako majaribio ya namba 101 hadi 158 yamepangwa upya kwa muundo wa sasa. Machache ni ya bure, mengine kwa kulipia. Chagua moja usilowahi kuligusa, lifanye kwa saa, kwa mkupuo mmoja, simu ikiwa chumba kingine. Unapojibu, kila swali ambalo huna hakika nalo liwekee alama ya bendera, hata kama umelijibu.

Ukimaliza, usiangalie majibu. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Subiri hadi kesho yake, rudi kwenye kila swali lenye bendera, safari hii bila saa, ulijibu upya na uandike kwa maneno yako kwa nini majibu manne mengine si sahihi. Hapo ndipo ufungue majibu. Sasa una alama mbili: ya saa, na ya kutafakari. Mtu mwenye 152 kwa saa na 165 kwa kutafakari anaielewa kazi. Tatizo lake ni mwendo na maamuzi. Mtu mwenye 152 kwa saa na 154 kwa kutafakari, hata apewe kutwa nzima atakosa palepale. Tatizo lake ni uelewa, na akianza kukimbizana na saa anapoteza miezi yake. Watu hawa wawili wana alama sawa na wanahitaji mipango tofauti kabisa. Ukiazima ratiba ya rafiki yako kwa sababu mlipata alama sawa, umeazima dawa bila kujua ugonjwa wake.

Baada ya hapo fungua daftari la makosa. Daftari la karatasi linatosha. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, linapata mistari minne: aina ya swali, kwa nini jibu lako lilikuvutia, kwa nini si sahihi, na utafanya nini ukikutana na aina hiyo tena. Mstari wa pili ndio wenye thamani, na ndio watu wanaouandika kivivu. "Sikusoma vizuri" si sababu, haikufundishi chochote.

Tutazame mfano tuliotunga wenyewe. Hoja inasema: maktaba ya mji ilirefusha saa zake mwezi Machi, mwezi Aprili vitabu vilivyoazimwa viliongezeka, kwa hiyo kurefusha saa kumewafanya wakazi wa mji wasome zaidi. Swali linauliza: hoja hii inategemea dhana ipi? Jibu la kwanza: kurefusha saa ndiyo njia pekee ya kuongeza usomaji. La pili: vitabu vya ziada vilivyoazimwa Aprili havikuazimwa vyote na watu wasio wakazi wa mji. La tatu: wakazi wengi wangependa maktaba ifunguliwe hata usiku.

Wengi huchagua la kwanza, kwa sababu linaunga mkono kurefusha saa na linatamkwa kwa nguvu. Likanushe uone: kurefusha saa si njia pekee. Hoja imeanguka? Haikuanguka, njia nyingine zinaweza kuwepo na hii nayo ikawa imefanya kazi. Kanusha la pili: vitabu vyote vya ziada viliazimwa na watu kutoka nje ya mji. Sasa hoja haina pa kusimama, maana ushahidi wake wote hauwahusu wakazi. La pili ndilo jibu. La tatu linahusu wanachopenda watu, wala si walichofanya. Mistari ya daftari basi iwe hivi: "Dhana ya lazima. Nilivutwa na jibu lenye neno 'pekee'. Hoja haihitaji njia iwe pekee, inahitaji tu iwe imefanya kazi. Safari nyingine nitakanusha kila jibu nililobakiza kabla ya kuchagua." Makosa thelathini yakiandikwa namna hiyo, utaanza kujiona. Mmoja hupenda majibu yenye maneno makali, mwingine huyaogopa hata yanapotakiwa. Mwingine hulichukua hitimisho la hoja akalifanya ushahidi. Mara nyingi mtu ana tabia tatu au nne tu zinazomla alama zake zote.

Hesabu yenyewe pia inatia moyo. Kutoka 152 kwenda 160 kwa makadirio ni maswali kumi hadi kumi na mawili zaidi katika mtihani mzima. Ukiyagawa kwenye sehemu tatu zinazohesabiwa, ni manne kwa sehemu. Hayo unaweza kuyaona kwa jina kwenye daftari lako.

Ratiba sasa. Tunachukulia wiki 12, saa 12 kwa wiki: dakika 90 kwa siku nne za kazi, na saa sita zilizobaki mwisho wa juma. Wenye zamu za usiku, panga dakika 90 hizo baada ya kulala, si baada ya kutoka kazini. Saa moja ya kichwa kilichochoka kwenye maswali ya hoja haikufundishi kitu, na zaidi ya hapo inakuzoesha kubahatisha.

Wiki mbili za kwanza ni uchunguzi na daftari, basi. Kuanzia ya tatu hadi ya sita unafanya kazi bila saa, aina mbili za maswali kwa wiki, ukianza na zinazokuuma kwenye daftari. Kama hujui uanze wapi, anza na udhaifu wa hoja, dhana, kuimarisha na kudhoofisha hoja, na kinachofuata kutokana na maelezo. Hizo kwa pamoja ni zaidi ya nusu ya maswali ya mantiki. Maswali 15 kwa kikao yanatosha kabisa. Anayefanya 60 kwa kikao hajasahihisha hata moja. Mwisho wa wiki ya sita fanya jaribio kamili moja. Wiki ya saba hadi ya tisa unaingiza saa kwa sehemu moja moja ya dakika 35, na kila sehemu unaisahihisha kwa njia ileile ya kutafakari kwanza. Wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili, jaribio kamili moja kwa wiki, ikibidi mawili katika ya kumi na moja. Jaribio lenyewe na mapumziko ni saa mbili na nusu. Kulisahihisha ni saa nne au tano, siku inayofuata. Ukikosa muda wa kulisahihisha, usilifanye.

Ukihesabu, hayo ni majaribio mapya sita tu, na watu hutushangaa. Wanaorudia wana tatizo ambalo wageni wa mtihani hawana: wamekwisha kuyaona maswali mengi. Swali ulilolifanya miezi minne iliyopita ukilipata leo, huenda umekumbuka jibu bila kujijua, na alama ya jaribio la aina hiyo ni ya kujifurahisha. Maswali ya zamani yatumie kwa mazoezi ya kueleza: mtu akikuuliza kwa nini jibu la nne si sahihi, unaweza? Yale mapya yatunze kama akiba ya mahindi ya mbegu.

Ufahamu huwa unaachwa nyuma, kwa kuwa watu wanaamini hausomeki. Sehemu hii ina vifungu vinne, vya sheria, sayansi, jamii na fasihi au sanaa, kimoja kikiwa jozi ya maandishi mawili mafupi, na maswali kama 27. Ukigawa sawasawa ni dakika nane na robo tatu kwa kifungu. Kwetu sisi ambao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, kosa kubwa ni kutafsiri sentensi kwa sentensi kichwani. Muda unakwisha na bado hujui mwandishi anataka nini. Soma aya nzima kwa Kiingereza, halafu simama, jiambie kwa Kiswahili, kwa sentensi moja: huyu anasema nini, na anabishana na nani? Ukishindwa kuisema, hujaielewa aya. Irudie sasa hivi, usisubiri maswali yakufichue. Wiki za mwanzo fanya hivyo kwa sauti. Zikifika wiki za saa, itakuwa inakuja yenyewe.

Maneno ya idadi pia yana sheria zake humu. Sisi tukisema "baadhi ya wanafunzi wamefaulu" tunaelewana kwamba wengine wamefeli. Mtihani hauelewi hivyo: baadhi ni mmoja au zaidi, na inawezekana ni wote. Wengi ni zaidi ya nusu, hata kwa mmoja. Kwa hiyo kama wengi wa mawakili wa mji wanasema Kifaransa, na wengi wa mawakili haohao wanasema Kiarabu, lazima yupo angalau mmoja anayezisema zote mbili. Chora duara, utaona.

Na kuhusu lugha, tuseme wazi: LSAC hutoa muda wa ziada kwa wenye ulemavu au hali ya kiafya yenye vyeti, ikiwemo shida ya kusoma na ya umakini. Kuwa mgeni wa Kiingereza si sababu inayokubaliwa. Mwenye cheti aombe mapema, pamoja na kujisajili. Asione haya, ni haki yake.

Kwa upande wa saa, sehemu ya mantiki ina maswali 24 hadi 26, yaani sekunde kama 80 kwa swali. Lakini maswali hayalingani. Ya mwanzo kwa kawaida ni mepesi, na mazito hujazana kuanzia la 17 hivi. Jizoeze kumaliza kumi ya kwanza ndani ya dakika 11 au 12, bila kukimbia hadi ukakosa yale ambayo ungeyapata. Swali likikula dakika moja na nusu na bado majibu mawili yanavutana, chagua moja, weka bendera, songa. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali wazi hata moja. Na kwenye ufahamu, anayelenga alama za 150 na kitu anaweza kufaidika akisoma vifungu vitatu vizuri na kubahatisha cha nne: 17 sahihi kati ya 20, na moja au mawili ya bahati, ni bora kuliko 15 za kukimbizana. Anayelenga 165 hana ruhusa hiyo.

Tarehe zinahitaji kupangwa kinyumenyume. Mtihani hufanyika miezi kadhaa kwa mwaka, usajili hufungwa zaidi ya mwezi mmoja kabla, na matokeo huchukua kama wiki tatu. Kwa hiyo huwezi kusubiri matokeo ndipo ujisajili kwa mtihani wa mwezi unaofuata. Mlango huwa umefungwa. Vyuo vingi huanza kupokea maombi Septemba na kujaza nafasi kadiri maombi yanavyokuja. Anayerudia Juni au Agosti yuko vizuri. Anayerudia Januari bado anaweza kupata chuo, ila fedha za ufadhili zinakuwa zimeanza kugawanywa, na alama hii ndiyo inayozivuta. Maoni yetu: kama majaribio yanaonyesha bado unapanda, ahirisha mwaka mzima. Wazazi, tunajua hili halipendezi kulisikia.

Wenye kipato kidogo, ombeni msamaha wa ada wa LSAC kabla ya kulipa chochote. Ngazi ya kwanza inalipia mitihani miwili na kufungua LawHub yote, na ada uliyokwisha kulipa hairudishwi.

Wiki moja kabla ya mtihani, tazama majaribio matatu ya mwisho. Kama yote yako chini ya alama uliyonayo tayari, jiondoe. Ukijiondoa kabla ya siku ya kwanza ya mtihani kuanza, haihesabiwi kwenye mara zako na vyuo havijulishwi, ingawa ada imekwenda. Kama yako juu, jaribio la mwisho liwe limefanyika siku nne au tano kabla, na zilizobaki soma daftari lako tu. Hakiki kitambulisho na kituo, au kompyuta na chumba kama umeruhusiwa kufanyia nyumbani, siku mbili kabla, na uhakikishe jina kwenye kitambulisho linalingana na la usajili herufi kwa herufi. Majina yetu matatumatatu, yaliyoandikwa upya na maofisa wa uhamiaji, yamewasumbua wengi hapo.

Sasa maswali. Mliokuja na matokeo ya majaribio yenu, anzeni nyie. Tutaanza na wa ufahamu, halafu wa mantiki.